Mama Hasaini Kitu

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, ubaoni palikuwa na neno moja lililoandikwa kwa chaki nyekundu: UFASHISTI. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya ukumbi wa mabati kule Kianda, Kibera, ambako tulikuwa tukisomea siasa. Tulikuwa watu ishirini na kitu, wengi wetu wanawake. Binti yangu wa miaka miwili alikuwa amelala mgongoni. Mwalimu wetu, ambaye hakutaka kuitwa mwalimu bali komredi, alikuwa akitembea mbele yetu mikono nyuma, akieleza jinsi mambo hayo yalivyoanza katika nchi za watu.

"Msidhani ilianza na bunduki," alisema. "Kabla ya bunduki kuna daftari. Mtu huandikwa kwanza: jina, nyumba anayolala, anachofikiria. Bunduki huja baadaye, na ikija inajua mlango."

Tukaandika. Mimi nimezoea kuandika anachosema mtu aliyesimama mbele, hata kama nimemkasirikia. Na nilikuwa nimemkasirikia. Kabla ya darasa kuanza nilimfuata mlangoni nikamwambia nina jambo zito, akanigusa bega akasema, "Baadaye, komredi." Basi nikakaa, nikangoja baadaye.

Ikaja fomu ya mahudhurio. Kibao cha mbao chenye klipu, karatasi juu yake, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Ilitoka kwa fundi wa nguo aliyekaa kando yangu. Alikuwa amesaini bila kuangalia, kama tulivyofanya Jumamosi zote.

"Komredi," nikasema, "na hili ni daftari la nini?"

Akageuka. "La mahudhurio. Saini upitishe."

"Nimo kwenye orodha ya chama. Nimeandikwa na kitambulisho changu, na ploti ninayoishi Kawangware, na ninachofikiria. Huko nyumbani wameshaisoma."

Alitabasamu vile daktari anavyomtabasamia mtoto anayeogopa sindano. "Hofu yako naielewa. Lakini hiyo hofu si yako, komredi. Wenye mali wamekupandikizia. Tuliisoma wiki ya tatu, mnakumbuka? Inaitwaje?" Akageukia darasa, na darasa, kama wanafunzi wazuri, likajibu kwa pamoja: "Ufahamu potofu!"

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Laiti angenitukana tu. Alichukua hofu yangu, hofu yenye kufuli na funguo, akaifanya swali la mtihani, na wenzangu wakalijibu.

Sehemu ya juu ya ile karatasi ilikuwa imekunjwa nyuma na kubanwa chini ya klipu. Ilikuwa hivyo tangu wiki ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nikaivuta ikakunjuka. Nikasimama na mtoto wangu mgongoni, nikasoma kwa sauti ya kusoma tangazo la msiba: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini, kwa hiari yetu, tunajiunga na chama..." Nikalisoma na jina la chama.

"Hakuna mtu anasaini leo," nikasema. "Na anayetaka kunitoa hiki kibao mkononi aje."

Fundi ndiye aliyeruka kwanza. "Ngoja! Kumbe mimi ni mwanachama? Na sijapewa hata tisheti?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikafa chenyewe. Mama mmoja wa nyuma akasema polepole, "Mimi nimesainia wifi yangu." Mwingine akasema, "Mimi jirani." Fundi akanitazama, na sasa hakuwa na mzaha. "Na mathe wako, yule mama wa sukuma wiki? Si wewe humsainia kila wiki?"

Hasira yangu ikakosa pa kusimama.

*

Wacha niseme ukweli: lile darasa nililipenda. Nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo, na tangu nijifungue hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ninafikiri nini juu ya jambo lolote lisilo la nepi. Rafiki mmoja aliniambia kuna mafunzo ya bure Kianda, Jumamosi kumi na mbili, na kila aliyesaini anapewa pakiti ya chakula cha mchana, na mwisho kuna cheti. Kutoka Kawangware nilikuwa nikitembea asubuhi na mapema na mtoto mgongoni. Sikukosa hata siku moja.

Komredi alikuwa kijana wa chuo kikuu, anaishi kwenye gorofa za Nyayo Highrise, anaongea Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Alitufundisha kwamba kila sheria, hata ile ya kufukuza mama mboga barabarani, ina wazo nyuma yake, na kila wazo lina jina. Uliberali. Uhafidhina. Ujamaa. Utaifa. Nikanunua daftari kubwa la karatasi nyingi, nikayaandika moja moja na maana yake. Nikisikia mwanasiasa redioni akisema "raslimali kwanza kwa wenyeji," nilikuwa nasimamisha mwiko, nafikiri: hiyo najua imetoka wapi, na najua huwa inaelekea wapi. Ilikuwa kama kuvaa miwani mara ya kwanza. Unaona vumbi lililokuwapo siku zote.

Kulikuwa na kicheko pia. Siku moja komredi aliuliza vyama vyetu vya Kenya ni vya mrengo gani, wa kushoto ama wa kulia. Fundi akainua mkono. "Wa katikati, komredi." Komredi akafurahi. "Fafanua." Fundi akajipapasa kitambi. "Hapa."

Hata komredi alicheka. Lakini alipomaliza kucheka alisema neno ambalo nililiandika na sasa nalisoma kwa jicho lingine: "Ndiyo maana nchi hii inahitaji chama chenye itikadi. Kimoja tu. Wananchi wako tayari, hawajui tu kwamba wako tayari."

Wiki ya nne akaleta kamba. Akailaza sakafuni kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho. "Huku mlangoni ni kushoto kabisa," akasema, "mnaoamini kwamba ardhi ya mji iwe ya wanaoishi juu yake. Kule ukutani ni kulia kabisa, mnaoamini ploti ni ya mwenye hati, basi. Kila mtu asimame anapoamini."

Nilisimama mlangoni. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu nimeulizwa sana tangu siku ile. Mtoto alikuwa na joto, analia, na mlangoni kulikuwa na upepo. Hiyo ndiyo itikadi iliyonisimamisha pale. Lakini komredi alipoanza kuuliza kila mtu ajitetee, sikutaka kusema "upepo" mbele ya watu. Nikajitetea. Nikasema mimi nimelipa nyumba Kawangware miaka mitano, nimechimba mtaro wa maji machafu kwa mikono yangu, nimepanda hata maua, na siku nikiambiwa toka nitatoka na sufuria tu. Je, mji umejengwa na nani? Wakanipigia makofi. Nilijisikia mtu. Komredi alikuwa na kalamu, akiandika mahali kila mmoja aliposimama na maneno machache ya alichosema. Nilidhani anaandika alama.

Na kusaini. Msomaji ambaye hakukulia Kibera huenda asielewe, kwa hiyo wacha nieleze. Sisi tumelelewa na fomu. Ukipewa neti ya mbu unasaini. Sabuni, unasaini. Watu wa utafiti wakija kukuuliza unakunywa maji gani, unasaini. Jina, kitambulisho, simu, sahihi. Jicho linakimbilia mstari mtupu wa kwanza, mkono unafuata. Anayesoma kichwa cha fomu anachelewesha foleni, na foleni itamwambia. Na kuna desturi nyingine: asiyeweza kufika anasainiwa na mwenzake, ili sehemu yake isipotee. Sisi hatukuiita udanganyifu. Tuliita kushikiana nafasi.

Mama yangu anauza sukuma wiki Silanga, humo humo Kibera, kando ya bwawa, ambako ana kishamba cha kukodi. Amekonda. Nilikuwa namjua: nikimpelekea chakula changu atasema ameshiba. Lakini nikiwa na pakiti mbili, yangu na yake, atakula. Basi kila Jumamosi nilisaini mara mbili. Kitambulisho chake nakijua kwa kichwa kwa sababu mimi ndiye humjazia karatasi za hospitali. Siku ya kamba komredi aliniuliza, maana nilikuwa nimesema mama ni mgonjwa, "Na mama yako, asingekuwa mgonjwa, angesimama wapi?" Nikacheka, nikasema, "Mwandike hapa na mimi."

Na mama yangu, kila mtu Silanga anajua, hasaini kitu. Hana kikundi cha akina mama, hana mchango wowote wenye daftari. Neti ya mbu alinunua. Tangu mwaka ule wa vita baada ya kura, nilipokuwa darasa la pili, hajaweka jina lake mahali ambapo mtu mwingine anaweza kulibeba. Sikuwahi kumuuliza sababu. Nilidhani ni ushamba.

*

Kawangware ninaishi kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, ua katikati, mfereji mmoja wa maji, geti moja. Mwenye ploti ni mama wa makamo, mtu wa kanisa, ambaye ukoo wake ulikuwa hapo kabla lami haijafika. Sisi wapangaji wake wengi ni watu wa kutoka upande wa ziwa, si wa kabila lake. Sitasema alikuwa mbaya. Nilipojifungua aliniletea uji wa wimbi kwa termosi siku saba mfululizo, akambeba mtoto wangu akamwombea kwa lugha yake.

Ilianza na salamu. Anayeshika funguo za ploti kwa niaba yake ni keateka mmoja kijana, mzungumzaji, ambaye miaka yote alikuwa ananiita "Mathe." Jumatatu moja nikienda kuteka maji akasema, "Niaje, Mratibu."

"Mratibu wa nini?"

"Si unajua." Akaendelea kupiga mluzi.

Kesho yake, "Mratibu, umeamkaje?" Keshokutwa, "Mratibu, leo mnagawa ploti gani?" Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu sikujua tunacheka nini. Kisha nikaona kwamba nikifika mferejini mazungumzo yanaisha. Ndoo zinajaa kimya. Unasikia maji tu. Vijana wawili ambao si wapangaji walianza kukaa kwenye geti kuanzia asubuhi, wakila miwa, wakitema maganda mahali ambapo lazima uyaruke ukipita.

Halafu geti likabadilishwa kufuli. Keateka akagawa funguo mpya, chumba kwa chumba. Akanipita. Nikamfuata.

"Na zangu?"

"Zako bado hazijachongwa."

"Za wengine wote zimechongwa?"

"Wewe ukitaka kuingia utabisha, Mratibu. Ukitaka kutoka pia utabisha. Kwani unaharakisha kwenda wapi?"

Nilimtazama mtoto wangu akicheza na lile kufuli, akiligonga kwa kijiko. Uchaguzi unakaribia. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Aliyekulia Nairobi anajua maana ya geti ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Nikaenda kwa mwenye ploti, nikamkuta akichambua maharagwe kibarazani. Hakunikaribisha kuketi. Aliendelea kuchambua, kisha akasema bila kuinua uso, "Mama, kwani mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Mama. Nimekuja tu kuuliza kuhusu ufunguo."

"Baba yangu alizikwa hapo nyuma, kabla hamjakuja. Ukitaka ploti yangu si ungekuja tu uniambie? Mpaka uandike?"

Akaingia ndani akatoka na simu. Orodha ilikuwa imezunguka kwenye kundi la wenye ploti la WhatsApp, akaniachia nisome mwenyewe. Majina yangu yote matatu. Kitambulisho. Simu. Ploti, hadi namba ya chumba. Cheo: mratibu wa ploti. Na safu ya mwisho, iliyoandikwa "msimamo": *ploti ziwe za wanaoishi juu yake.* Mstari uliofuata ulikuwa wa mama yangu. Silanga, kando ya bwawa, njia ya kuingilia. Msimamo: kama wa hapo juu.

Nilitaka kumwambia, Mama, ilikuwa ni upepo tu, mtoto alikuwa na joto. Nani angeamini? Na ndani yangu kulikuwa na sauti nyingine ikisema, lakini ulijitetea vizuri, walikupigia makofi.

"Mimi sina neno na wewe," akasema akichukua simu yake. "Lakini vijana wamesoma. Vijana siwawezi."

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, nikaenda saiba, pale wanapokodisha kompyuta. Dada wa pale akaingiza kitambulisho changu kwenye mtandao wa serikali, pale mtu anapoweza kujua kama yeye ni mwanachama wa chama chochote. Mimi nilikuwa mwanachama. Akaingiza cha mama. Mama pia. "Hongereni," akasema akitafuna bazoka, kisha akaona uso wangu akaacha kutafuna.

*

Kwa hiyo mnaelewa nilikuwa nimebeba nini Jumamosi ile, niliposimama na kibao mkononi na fundi akaniuliza habari za mathe.

Komredi alinitoa nje, tukasimama kando ya ukuta. Sikumrudishia kibao. Nilitegemea akane. Hakukana, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza kwa utulivu, kama anayeendeleza somo. Chama kilihitaji wanachama wa kutosha ndipo kisajiliwe kikamilifu. Kilikuwa chama cha kwanza nchini chenye itikadi ya kweli. Yeye alikuwa ameahidiwa kukisimamia eneo lote hili. Na sisi, darasa lake, tulikuwa tumeshasema kwa vinywa vyetu kile ambacho chama kinaamini, na mimi, kwa kujitetea vizuri siku ya kamba, alinipa na cheo.

"Nilijua mngekubali," akasema.

"Si ungetuuliza?"

"Mngeogopa. Watu walioonewa muda mrefu huogopa kinachowafaa. Lazima mtu awatangulie."

"Na orodha ilifikaje Kawangware?"

Hapo akatazama chini. "Ilivuja. Niliituma kwa waratibu wa maeneo mengine, mmoja akaituma mbele. Hilo nasikitika."

"Wewe unalala wapi, komredi?"

"Unajua ninapolala."

"Gorofani. Geti lina askari, na ufunguo unao." Nikamwonyesha daftari langu, kurasa zake zote. "Nimeandika kila kitu ulichosema. Anayejua wananchi wanataka nini bila kuwauliza, akawaandika bila kuwaambia, huyo yuko wapi kwenye ile kamba yako? Kushoto ama kulia?"

Akanyoosha mkono achukue kibao; nikakivuta kwangu.

"Nitakutoa kwenye orodha," akasema. "Nipe muda, baada ya kura nitalisafisha hilo jambo."

Baada ya kura. Nikaondoka na kibao chake.

Kutoka Kianda hadi Silanga niliteremka kwa miguu, mtoto ameamka, ananivuta nywele. Mama alikuwa amechuchumaa shambani, akichuma sukuma, akizifunga mafungu kwa kamba ya mgomba. Aliona sikubeba pakiti, akacheka. "Leo komredi wako amefunga jiko?"

Nikamwambia yote. Nilianza na ploti na kufuli, nikizunguka, nikizunguka, hadi nikafika mahali ambapo sikuweza kuzunguka tena. Nikasema, "Mama, jina lako pia liko. Mimi ndiye nilisaini."

Hakupiga kelele. Angenipiga ningeshukuru. Aliweka fungu chini, akapangusa mikono kwenye leso, polepole, kidole kwa kidole.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu. Huniita hivyo nikiwa mgonjwa. "Unakumbuka usiku ule tulipita hapa kwenye mahindi?"

"Nakumbuka."

"Unakumbuka walikuwa wakisoma?"

Nilikumbuka. Nilikuwa darasa la pili, mgongo wa mama ulikuwa umelowa, na kwenye njia za nyumba kulikuwa na wanaume wenye tochi na mmoja wao alikuwa akisoma majina. Kama mwalimu akiita rejista. Jina, mlango. Jina, mlango.

"Lile daftari lilikuwa la kikundi chetu cha akina mama," mama akasema. "Nani anamzika nani, nani anaishi wapi, nani ana watoto wangapi. Walilichukua kwa mwekahazina. Lakini mwandiko ulikuwa wangu. Mimi ndiye nilikuwa karani. Nilikuwa na mwandiko mzuri, kila mtu alikuwa anasema. Niliandika wazi sana ndipo wakasoma bila kukosea, hata gizani."

Sukuma zilikuwa zimelala kati yetu. Mtoto wangu akachukua jani akaanza kulipasua.

"Sikuwahi kumwambia mtu. Walipokuja watu wa tume kuuliza yaliyotokea, nilisema sijui walipata wapi majina. Nilisema hivyo, na wanawake wenzangu wamesimama pale, wengine hawana nyumba tena." Akainua uso. "Sasa wewe utasema nini?"

Aliokota fungu lake, akaendelea kufunga, na nilipoondoka alikuwa bado anafunga, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, mashina yakivunjika.

*

Jumatatu nilienda mjini kwenye ofisi inayosajili vyama. Kabla ya hapo nilipitia kwa wenzangu wa darasa mmoja mmoja. Wengine walikubali kuja, wengine walisema wewe umeanza makelele na makelele ndiyo yataleta shida. Yule mama aliyemsainia wifi yake hakunifungulia. Fundi alikuja, amevaa koti, na njiani hakufanya mzaha wowote.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwenye adabu, mwenye kuchoka. Akasikiliza. Akasema kujitoa ni rahisi, kuna fomu. Nilicheka kwa sauti, akashangaa. Nikamwambia sitaki kujitoa, kwa sababu anayejitoa aliingia. Nataka kulalamika.

"Hiyo pia ina fomu," akasema. "Lakini nikuambie mapema, kwa wema. Kwa upande wako, mkono ni wako. Kwa upande wa mama yako, nitauliza nani alisaini. Kama hutaki kuandika hilo, lalamikia lako peke yake, la mama uliache. Ukiliandika, umekiri kosa kwa mwandiko wako, na mimi sina uwezo wa kuliondoa."

Fundi akanong'ona, "Andika hujui. Nani atajua?"

Nikasoma kichwa cha fomu. Nikakisoma mara mbili, na watu wa nyuma wakaanza kuguna. Kisha nikaandika, kwa herufi za kuachana ili mtu yeyote aweze kusoma, na afisa akapiga muhuri nakala mbili, moja ikabaki kwake, hii nyingine ikabaki kwangu. Naiweka hapa kama ilivyo, bila majina.

*Mimi ni mpangaji Kawangware, mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba niliandikishwa katika chama cha siasa bila kujua, kwa fomu niliyoambiwa ni ya mahudhurio ya darasa, ambayo sehemu yake ya juu ilikunjwa ili tusiisome. Aliyeikunja ni mwalimu wa darasa hilo. Nimeambatanisha fomu yenyewe. Alama ya kukunja bado inaonekana. Maoni niliyotoa darasani yaliandikwa kando ya jina langu na mahali ninapolala, yakasambazwa. Sasa geti la ninapoishi limebadilishwa kufuli na mimi sina ufunguo. Maoni yale nimeyafikiria tena na sijayakana. Ninachokataa ni kuandikiwa.*

*Nalalamika pia kwa niaba ya mama yangu, mkulima wa mboga, Silanga. Yeye hakuhudhuria darasa hata siku moja. Hakusaini. Sahihi zote zilizo kando ya jina lake ni mkono wangu. Hakunituma. Hajui itikadi yoyote niliyomwandikia. Nilifanya hivyo ili apate chakula. Hilo ni kosa langu na mnishtaki nikistahili, lakini lisihesabiwe kwake.*

*Naomba majina yote ya darasa letu yafutwe, na chama kiamriwe kuwaeleza kwa maandishi wote waliotumiwa orodha kwamba ni ya uongo, wakiwemo wenye ploti. Naomba ifanyike kabla ya kura, si baada. Na kama kuna foleni, na mnaweza kufuta jina moja tu kwa siku, anzeni na la mama.*